Macho ya Dereva na Amri ya Tano



Upo msemo unaosikika katika karibu kila msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Wazee huutumia kuwafariji wafiwa, na nia yao ni njema, kwa maana mzazi aliyempoteza mwanawe hahitaji kuorodheshewa makosa siku ile ya kwanza. Lakini msemo huo ukishatoka msibani huingia garini. Dereva huuchukua na kuufanya leseni yake ya pili. Hapo ndipo sisi wa Tume ya Haki na Amani tunapoona kuwa ni wajibu wetu kusema wazi kwamba vifo vingi vinavyoitwa ajali vina chanzo kinachojulikana, vina watu waliovisababisha, na vingeweza kuzuiwa. Katika kijitabu hiki tunakizungumzia chanzo kimoja ambacho babu zetu hawakukijua, nacho ni simu ya dereva.

Hoja yetu ni moja. Watu wengi hulizungumza jambo hili kana kwamba ni la ustadi, yaani dereva hodari anaweza na dereva mchanga hawezi. Au kana kwamba ni la faini, yaani shida ni kukamatwa. Sisi tunasema ni jambo la haki. Anayeyaondoa macho yake barabarani anaweka rehani uhai usio wake, na mara nyingi ni uhai wa mtu maskini kuliko yeye. Tena mzigo huo haubebwi na dereva peke yake. Yupo anayempigia simu, yupo anayemwajiri, na yupo abiria anayeona na kunyamaza.

TUONE

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna maradhi yanayoua kuliko barabara. Zaidi ya nusu ya wote waliokufa walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ina asilimia 15 ya watu wote wa dunia na asilimia 3 tu ya magari, lakini karibu moja ya tano ya vifo hivyo hutokea humo. Takwimu hizi zinatuambia jambo zito: katika nchi zetu gari ni mali ya wachache, lakini mauti yake yanawafikia hata wale ambao hawatalimiliki kamwe.

Itazameni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa hadi Mbeya na Tunduma. Imepita katikati ya vijiji na miji midogo. Kandokando yake watoto huenda shule, akina mama hubeba ndoo za maji, na vijana huuza vitunguu pale Ruaha Mbuyuni. Wote hao wanaishi hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliwafikiria: katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na nje ya makazi mabasi na malori yasizidi kilomita 80 kwa saa. Sheria hiyo ilitungwa miaka 21 kabla ya simu ya mkononi kuanza kutumika nchini mwaka 1994. Hata hivyo, makosa ya kuendesha kwa uzembe na kuendesha kwa hatari yalikuwamo tangu mwanzo. Kiini cha wajibu wa dereva hakikusubiri teknolojia.

Lakini je, sheria hiyo tunaitii kwa sababu gani? Kila aliyewahi kusafiri kwa basi ameona jinsi madereva wanavyowashiana taa mchana kweupe. Ishara hiyo ina maana moja: punguza mwendo, askari mwenye tochi yuko mbele. Mwendo hupunguzwa, askari hupitwa, na kilomita mbili baadaye mguu hurudi pale pale ulipokuwa. Ni nadra mno dereva kumwashia mwenzake taa ili kumwambia kwamba watoto wa shule wanavuka. Hapo ndipo inapoonekana hali ya mioyo yetu: tumejifunza kumwogopa askari kabla ya kujifunza kumheshimu mtu anayevuka barabara. Na simu imekuja kuufunua udhaifu huo, kwa sababu tochi ya askari hupima mwendo wa gari tu. Haiwezi kupima kama macho ya dereva yako barabarani au yako mapajani pake.

Matumizi yenyewe tunayaona kila siku. Dereva wa daladala hushika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Kijana wa bodaboda huichomeka simu ndani ya kofia ngumu, kati ya sikio na sponji, akaongea na abiria yuko mgongoni. Dereva wa lori hutafuta wimbo. Na mwenye gari binafsi, mara nyingi mtu aliyesoma na ambaye Dominika huketi pamoja nasi kanisani, husoma ujumbe katika foleni, foleni ikisogea naye husogea, macho yakipanda na kushuka. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kila mlio unaweza kuwa fedha iliyoingia au deni linalodaiwa. Na kwa madereva wanaopata abiria kwa njia ya programu za simu, kifaa hicho ndicho dira yao, ndicho karani wao, na ndicho jembe lao. Hatusemi basi kwamba simu ni kitu kiovu. Tunasema imekaribia mno mahali pasipo pake.

Wengine husema: ni sekunde chache tu. Na tuzihesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akisoma ujumbe kwa sekunde 5, amekwenda mita 70 bila kuona. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde. Katika sekunde zile zile 5 limekwenda mita 110, yaani uwanja mzima wa mpira kutoka goli hadi goli. Hakuna dereva ambaye angekubali kufungwa kitambaa usoni kwa urefu huo, akiwa na abiria 60 nyuma yake. Lakini kitambaa cha mwanga huo mdogo anajifunga mwenyewe.

Wengine husema: mimi siishiki, natumia spika. Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa utulivu, kwa kuwa inasemwa na watu wanaotaka kutii. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Donald Redelmeier na Robert Tibshirani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu madereva 699 wa mji wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waliona kwamba hatari ya kugonga iliongezeka takriban mara nne wakati wa kuongea na simu, na kwamba waliotumia vifaa visivyoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mwaka 2006 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapima madereva katika kifaa cha kuigiza uendeshaji, wakaona kwamba anayeongea na simu, ya mkononi au isiyoshikwa, alikuwa na upungufu usio mdogo kuliko wa dereva aliyelewa kwa kiwango kinachokatazwa na sheria ya kwao. Na mwaka 2009 uchunguzi wa taasisi ya usafirishaji ya Virginia Tech ulionyesha kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe hukabiliwa na hatari ya ajali, au ya kunusurika chupuchupu, mara 23 kuliko asiyeandika.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mkono ni sehemu ndogo ya uendeshaji. Akili ndiyo inayoendesha. Abiria aliyeketi kando ya dereva huiona barabara. Pakitokea hatari hunyamaza, au husema angalia. Yule aliye upande wa pili wa simu haoni kitu. Huendelea kuuliza, huendelea kudai jibu, na dereva hutazama mbele pasipo kuona alichokitazama. Wahenga wetu walijua kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika mambo ya barabara, linaloponyoka huwa ni la jirani.

Basi kwa nini wenye kujua haya yote bado wanaendelea? Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza watu wajilinganishe na madereva wenzao. Katika kundi la Wamarekani, watu 93 katika kila 100 walijiweka katika nusu ya wenye ustadi zaidi. Katika kundi la Waswidi, 69 katika kila 100. Haiwezekani, maana nusu haiwezi kubeba watu 93 wa 100. Lakini ndivyo moyo wa binadamu ulivyo. Kila mmoja anaamini kwamba hatari ni ya mwenzake, na kwamba sheria imewekwa kwa ajili ya wasiojua. Anayesema nimezoea anasema kweli: amezoea. Aliyezoea ni yule ambaye mara mia alifanya kosa na mara mia mtu mwingine, kwa kuruka pembeni au kwa kusubiri, alimwokoa bila yeye kujua.

TUPIME

Tukilipeleka jambo hili mbele ya Neno la Mungu, tunakuta kwamba Maandiko Matakatifu yalikwisha kulitafakari katika mifano ya zama zake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaeleza habari za ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe zake. Kama ng'ombe huyo hakuwa na mazoea hayo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa wala asimfunge, basi hatia ni ya mwenyewe. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Katika mafundisho hayo mawili Mungu haulizi tu kama mtu alikusudia kuua. Anauliza kama alijua, kama alionywa, na kama aliweka kinga. Ndivyo unavyojibiwa msemo wetu wa msibani: Torati inamdai mtu kinga kabla ajali haijatokea.

Kanisa limelifundisha hilo bila kificho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, uliwaonya wale wanaozipuuza kanuni za maisha ya jamii, na ukazitaja wazi sheria zinazoweka ukomo wa mwendo wa magari. Mababa wa Mtaguso waliyaweka hayo mahali pamoja na wajibu wa haki na upendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inayazungumza chini ya Amri ya Tano, na inasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi anajitia katika hatia nzito. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa huduma ya kichungaji barabarani, ukiwa na amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile ya mlima Sinai, usiue. Ya tisa inatutaka tumlinde aliye dhaifu zaidi barabarani. Ya sita inatuhimiza tuwashawishi kwa upendo wale wasio katika hali ya kuendesha, ili wasiendeshe. Amri hiyo ya sita haielekezwi kwa dereva. Inaelekezwa kwetu tulio kando yake.

Tuutazame pia mfano wa Msamaria mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, ambao wote tunaukumbuka. Ni habari ya barabarani, kati ya Yerusalemu na Yeriko. Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa wakapita kando. Msamaria alimwona akamhurumia. Huruma yake ilianza machoni. Yule kuhani alikuwa na hatia kwa sababu aliona akapita. Tumwiteje basi yule aliyejinyima kuona kwa hiari yake mwenyewe, akapita akiwa na tani 30 za mzigo? Kuitazama barabara ni tendo la upendo kwa jirani ambaye hatumjui jina, na ni tendo analoweza kulifanya dereva yeyote, wa dini yoyote, kwa saa zote za kazi yake.

Lakini haki inatutaka tusimtwike dereva peke yake mzigo wote. Wengi wao ni vijana wasio na mkataba wa kazi wa maandishi. Dereva wa daladala au bodaboda anapaswa kumpelekea tajiri wake hesabu ya siku, iwe mvua iwe jua. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Tajiri huyo huyo hupiga simu: uko wapi, umefikisha ngapi, mbona hupokei? Asipopokea mara mbili, kesho chombo anapewa mwingine. Mwenye mali iliyopakiwa lorini naye hupiga, na wakala wa forodha hupiga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Sheria hiyo iko umbali gani na maisha ya vijana wetu wa barabarani, kila mmoja wetu anajua. Mwajiri anayemlazimisha dereva apokee simu akiwa kwenye mwendo ameuweka mkono wake juu ya usukani. Likitokea la kutokea, mbele ya Mungu hawezi kusema kwamba alikuwa ofisini.

Vivyo hivyo mke anayempigia mumewe huku akijua kwamba yuko njiani. Vivyo hivyo mwenyekiti wa kamati anayeandika katika kundi la WhatsApp la kigango na kumlaumu asiyejibu upesi. Simu ina ncha mbili, na hatari huanzia kwenye ncha yoyote.

Na abiria? Unyamavu wa abiria wetu una sababu zake. Wengine huogopa kutukanwa na konda. Wengine hudhani kwamba heshima ni kukaa kimya. Wengine huona ni afadhali kusali rozari kimoyomoyo. Sala ni njema, lakini Mungu ametupa na kinywa. Katika nchi jirani ya Kenya, ambako matatu hufanya kazi ile ile ya daladala zetu, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio dogo. Walibandika ndani ya baadhi ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, na magari mengine wakayaacha bila vibandiko. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa nusu au zaidi katika magari yenye vibandiko. Jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Karatasi haikushika breki. Iliwakumbusha tu abiria kwamba wanayo haki ya kusema, na dereva akajua kwamba anaangaliwa.

TUTENDE

Tunatoa mapendekezo machache ambayo kila parokia inaweza kuyaanza mwezi huu bila kusubiri fedha wala kibali.

Kwanza, tuanze na safari zetu wenyewe. Parokia zetu hukodi mabasi kwa ajili ya hija, mashindano ya kwaya, semina za WAWATA na VIWAWA, na mazishi. Kila tunapokodi gari, katika makubaliano yaandikwe mambo matatu: mwendo hautazidi ule wa sheria; safari ndefu itakuwa na dereva wa pili au mapumziko ya kutosha; na simu ya dereva itakaa kwa kiongozi wa safari hadi gari lisimame. Simu ikilia, kiongozi apokee na aseme: dereva yuko kazini, atakupigia tukifika. Misafara ya harusi na ya mazishi iangaliwe kwa namna ya pekee, maana humo madereva hupiga picha na wapiga picha hujitokeza madirishani. Ni jambo la aibu kumsindikiza marehemu mmoja na kurudi na watatu.

Pili, kila anayepiga simu awe na desturi ya kuuliza swali moja kwanza: unaendesha? Jibu likiwa ndiyo, akate. Viongozi watangulie katika hili, na katika makundi ya ujumbe iwekwe kanuni kwamba hakuna anayedaiwa jibu la papo hapo.

Tatu, waajiri waamini, wakubwa kwa wadogo, wawe na kanuni ya wazi: dereva wangu hapokei simu akiwa kwenye mwendo, hata ikiwa ni yangu. Wenye daladala, malori na pikipiki wapo katika jumuiya zetu, na wengine ni wafadhili wa ujenzi wa makanisa yetu. Tuwaambie ukweli huu kwa heshima. Mkataba wa maandishi na saa za kazi zinazovumilika ni sehemu ya usalama barabarani, sawa na breki na taa.

Nne, jumuiya ndogondogo zivialike vijiwe vya bodaboda vilivyo katika eneo lake. Wasiitwe kuhukumiwa, waitwe kusikilizwa, kwa kuwa hao ndio wanaoumia zaidi, na familia zao ndizo zinazouza shamba ili kulipa matibabu ya mguu uliovunjika. Kijana akieleza kwa nini anashindwa kuizima simu, ndipo jumuiya itakapojua ni mlango upi wa kubisha. Na abiria wa bodaboda akumbuke kwamba anayo haki ya kusema simamisha, ongea kwanza, halafu twende.

Tano, tudai miundombinu inayomlinda mnyonge. Ubandikaji wa matangazo peke yake hautoshi, kwa sababu binadamu atasahau hata akifundishwa. Katika Dar es Salaam, shirika la Amend kwa mradi wake unaoitwa SARSAI limejenga njia za waenda kwa miguu, matuta na alama karibu na shule za msingi zilizo hatarini; kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Ubora wa tuta ni kwamba haliulizi kama dereva anasoma simu. Linampunguzia mwendo kabla hajamfikia mtoto. Viongozi wa walei washirikiane na wenyeviti wa vijiji na mitaa, madiwani na wakala za barabara, wapeleke maombi ya maandishi kwa kila shule iliyo kando ya barabara kuu, na wafuatilie hadi wapate jibu.

Sita, tusiwasahau waliokwisha kuumia. Kila parokia inao wajane, yatima na walemavu waliopatikana barabarani. Mwongozo wa mwaka 2007 unatutaka tuzitegemeze familia zao, na hata, wakati ufaao, tuwakutanishe aliyeumizwa na aliyeumiza ili waonje msamaha. Hiyo ni kazi ya haki na amani kwa maana yake kamili. Haki isipotajwa, msamaha huwa ni kunyamazishana.

Kwa dereva mwamini tuna neno la mwisho. Rozari iliyoning'inia kwenye kioo na picha ya Mtakatifu Kristofa iliyobandikwa mbele yako ni ishara njema za imani, nasi tunazibariki. Lakini hazikupewi ili zitazame barabara badala yako. Kabla ya kuwasha gari, fanya ishara ya msalaba, zima simu, iweke mahali ambapo mkono wako haufiki. Tendo hilo la pili ni sehemu ya sala ile ya kwanza. Barua, biashara na salamu zote zitakusubiri pale utakaposimama. Mtoto anayevuka pale mbele hajui kama umemwona.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni mahali gani watu wamegongwa zaidi ya mara moja? Nani anapaswa kuandikiwa, na nani kati yetu ataandika?

2. Tunaposema ajali haina kinga, ni nani anayenufaika na msemo huo, na ni nani anayeumia?

3. Wiki hii, ni nani atakayetupigia simu akijua kwamba tuko njiani? Tumwambie nini kabla ya safari?

4. Abiria anayemkemea dereva katika daladala hupata msaada gani kutoka kwa abiria wenzake? Sisi tukiwamo, tutafanya nini?

5. Je, waajiri walio katika jumuiya yetu wanawapa madereva wao mkataba wa maandishi na ruhusa ya kutopokea simu wakiwa kwenye mwendo?